Gemu si kamari peke yake, nasi tumetengeneza moja ya rangi za mkeka hapa Wete

Bwana Mhariri,

Assalam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu basi niwie radhi, mana jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu na nikikutana na wazee barazani nalieleza nusu nusu tu kisha mazungumzo yanahamia kwenye kamari. Ukisema gemu hapa kwetu mtu anafikiri mambo mawili, mashine za kubahatisha pesa au vijana wanaopigana risasi kwenye simu mpaka usiku wa manane, na siwalaumu kwa sababu hayo ndiyo wanayoyaona. Mimi nataka kueleza aina nyengine kabisa, ambayo tumeitengeneza wenyewe watu watatu, mimi, mtoto wa ami yangu anayejua kuchora na rafiki yetu wa skuli.

Kuna kitu kinaitwa gemu jamu. Ni mkusanyiko wa kutengeneza gemu kwa muda mfupi, mara nyingi saa 48 au 72, mada inatolewa ule wakati wa kuanza na kila mtu anaanza sifuri. Ludum Dare ipo tangu 2002 na watu wanashiriki kila mmoja kwao kwa intaneti, Global Game Jam ilianza 2009 na hiyo ilizoeleka kwa watu kukaa pamoja ukumbini wikiendi moja, na zote mbili watu hawagombanii pesa, wanataka kujifunza na kuona wenzao wametoa nini. Sisi tuliingia moja ndogo tu ya mtandaoni, saa 72, na mada ilikuwa kutengeneza kitu cha kumpumzisha mtu. Tukasema sawa, basi iwe gemu ya kulinganisha rangi, isiyo na saa inayokimbia wala pointi wala sauti ya kukwambia umekosea, na mchezaji aone kwa macho yake mwenyewe, yani hakuna mtu mdogo unayemuongoza kwa nyuma, ni wewe ndo umesimama uani, ukiinamisha kichwa unaiona mikono yako imeshika ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia mikeka.

Uani kwa nani? Kwa mama yangu, sikufikiria mara mbili. Mama amesuka ukili tangu hajaolewa. Ukindu unaanikwa, unachanwa, unatiwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka yenye rangi ya unga, unatolewa unaanikwa tena, halafu ndo unasukwa ukili na ukili unashonwa mkeka. Kwenye gemu yetu unaletewa kipande cha mkeka wa zamani kilichochanika na kazi yako ni kupata ukindu wa rangi ileile ili kiungwe. Basi. Hakuna zaidi ya hapo na inatosha.

Tulitumia Godot, ambayo ni programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa na imekuwa wazi kwa kila mtu tangu 2014, chimbuko lake Argentina. Nataja hili kwa sababu vijana wengi wananambia hawana pesa, na mimi nawajibu kwamba pesa siyo kikwazo cha kwanza, hiyo Godot inafunguka hata kwenye laptopu ya zamani kama ya kwetu, wakati programu nyengine kubwa zinataka gigabaiti makumi kabla hujaandika hata mstari mmoja, na bando utalitoa wapi.

Sasa nieleze pale tulipokwama, kwa sababu ndipo nilipojifunza. Kwenye kompyuta kila rangi ni namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Mimi nikaona rahisi, mchezaji akimimina rangi mbili kwenye sufuria, programu ichukue wastani wa zile namba. Manjano ni 255, 255, 0. Buluu ni 0, 0, 255. Piga wastani uone, zote tatu zinakuja kama 127, na hiyo ni kijivu. Nkamwita mama aje ajaribu, akachanganya, akaitazama skrini, akasema "Mwanangu, manjano na buluu toka lini ikatoa majivu, hiyo ni kijani". Na ni kweli, kila mtu aliyewahi kutia rangi anajua, lakini kompyuta inachanganya mwanga na mama anachanganya dawa kwenye maji, ni mambo mawili tofauti, mwanga mwekundu na wa kijani vikikutana vinatoa manjano wakati rangi nyekundu na ya kijani kwenye sufuria zinakupa tope. Ikabidi nifute kazi ya usiku mzima, nikakaa na mama na daftari, yeye anataja, hii na hii inatoa hii, ukizidisha inaiva hivi, na mimi naandika jaduweli kwa mkono. Gemu yetu inafuata lile daftari mpaka leo.

La pili ni jua. Mwanga wa gemu niliuweka wa manjano kidogo kama jua la alasiri, ukapendeza sana, lakini kila rangi ikapotoka, mchezaji anachukua ukindu ulio sawasawa kabisa na kipande cha mkeka, anaupeleka kivulini, unaonekana mwengine. Tulihangaika. Mama anasema yeye hata siku moja hahukumu rangi ndani ya nyumba, anautoa ukindu nje juani na anasubiri ukauke, mana ukiwa maji unaonekana umekoza kuliko ulivyo. Kwaiyo badala ya kuuondoa mwanga tukaugeuza kuwa sehemu ya fumbo, pana kamba ya kuanikia katikati ya ua ambapo mwanga ni mweupe, ukitundika ukindu pale pamoja na kile kipande unaziona rangi zilivyo kweli. Watu walioicheza wamekisifu hicho kuliko kingine chochote, na hakikutoka kwenye video yoyote ya kujifunzia, kimetoka kwa mama.

Na majina. Mwanzo nilikuwa nimeandika majina ya rangi kwa Kiingereza kwa sababu nilidhani gemu ndivyo zinavyokuwa, nikaona mama hawezi kucheza gemu ya kazi yake mwenyewe na nikaona aibu. Tulipoanza kuyaandika Kiswahili tukagundua jambo zuri, kwamba kwenye lugha yetu rangi zinazofuata ngeli ni tatu tu, -ekundu, -eupe na -eusi, nyengine nyingi tunaziita kwa kitu chenyewe: kijani ni cha majani, manjano ni ile tunayotia kwenye mchuzi, zambarau ni tunda, kuna rangi ya chungwa, ya kunde, ya maziwa, ya udongo, na ile iliyoiva inaitwa damu ya mzee. Hapo gemu ikabadilika kabisa. Tukaiondoa ile orodha ya rangi pembeni ya skrini na badala yake unatembea uani kuitafuta rangi ilipo, unainama chini ya mzambarau kuokota tunda lililopasuka, unachungulia kinu kilichotwangiwa manjano, unalitazama jamvi la karafuu ambalo asubuhi limeanikwa zikiwa bado na kijani na wekundu na ukirudi baadaye zimeshakuwa kahawia. Ndo mana nasema ilibidi uone kwa macho yako mwenyewe, ungekuwa unatazama kutoka juu usingeweza kuinama.

Jumamosi saa nane mchana umeme ukakatika ukarudi baada ya isha. Laptopu moja ikazima na tukapoteza kazi ya saa mbili hivi kwa sababu hatukuwa tumesevu. Ile moja iliyobaki tukaipunguza mwanga wa skrini mpaka rangi zenyewe hazionekani, na gemu ni ya rangi, kwaiyo tukafanya sauti tu muda huo, tukarekodi kwa simu sufuria likichemka na ukindu ukichanwa.

Jambo jengine sikulijua mpaka rafiki yetu alipotwambia, kwamba yeye nyekundu na kijani hazitofautishi vizuri. Miaka yote tumesoma naye na sikujua. Hali hiyo inawapata zaidi wanaume kwa sababu inarithiwa kupitia kromosomu ya X, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini inakisiwa ni kiasi cha mwanamume mmoja kati ya 12. Tukaongeza mistari na vidoto kwenye kila ukindu ili asiyeiona rangi afuate nakshi, na yeye ndo akawa mtu wa kwanza kuimaliza gemu yote. Ningeomba walimu pia walikumbuke hili wanapomwambia mtoto apake ramani kwa rangi halafu wanamchapa kwa kukosea.

Tuliituma ikiwa imebaki dakika chini ya ishirini. Hatukushinda kitu na hapakuwa na cha kushinda. Lakini watu wa nchi ambazo sijawahi kufika wametuandikia kwamba wamekaa uani kwa mama yangu nusu saa na roho zao zimetulia, na mmoja akauliza ukindu ni nini. Nilimsomea mama, akanyamaza kidogo, kisha akasema wale wenye mikeka ya Makunduchi wana rangi zao nyengine na nisije nikaandika kwamba za hapa ndo zote.

Kwa hiyo Bwana Mhariri nina maombi mawili. La kwanza kwa wenye skuli na vituo vyenye vyumba vya kompyuta, Unguja na Pemba, vyumba hivyo vingi hufungwa Ijumaa mchana mpaka Jumatatu, tunaomba wikiendi moja tu kwa mwaka mtufungulie, tutaleta vijana, tutakaa na mwalimu, na hatuchezi pesa. La pili kwa kina mama wa ukili kote visiwani, Micheweni, Mkoani, Makunduchi na Nungwi. Mama ametaja rangi ishirini na moja na anasema bibi yake alikuwa na nyengine ambazo majina yake ameyasahau. Mwenye kuyajua amwambie mjukuu wake ayaandike ayalete gazetini, na aeleze na namna ya kuzichanganya, mana lile daftari bado lina kurasa.

Mimi msomaji wako,
Wete, Pemba