Yah: Malalamiko ya Kutelekezwa Nikiwa na Watoto Stesheni ya Samarkand, Uzbekistan

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Nje.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea vizuri. Kifurushi cha safari ya Uzbekistan mlichoniuzia, mimi, mama yangu na watoto, chenye treni, dereva na mwongoza watalii, mnakijua, masharti mliyaandika wenyewe na risiti mnayo. Naenda moja kwa moja kwenye usiku ule.

Tulishuka Samarkand saa sita usiku, mwezi wa Desemba, baridi chini ya sifuri. Dereva wenu alikuwepo na karatasi yenye jina langu. Kwa hilo nashukuru. Tukapakia mizigo, watoto wakapanda, mdogo akapitiwa na usingizi palepale. Ndipo dereva akatazama simu yake, akatuhesabu, akasema kupitia programu ya kutafsiri kwamba kaambiwa abiria ni watu wazima wawili, watoto hawamo, niongeze dola 40. Nikamwonyesha risiti yenu. Akashuka, akafungua buti, akaanza kuyatoa mabegi yetu na kuyapanga kando ya barabara.

Na hiyo saa sita usiku isingekuwepo kabisa. Karatasi yenu ilituelekeza stesheni ya kusini ya jiji la Tashkent, tulikoanzia safari ya treni, wakati treni ya kasi ya Afrosiyob tuliyokatiwa ilikuwa inaondokea ya kaskazini. Mji una stesheni mbili. Hata mlinzi wa mlangoni alishangaa kuona watalii wametumwa pale. Kuvuka mji na watoto na mabegi tukakuta treni imeshaondoka, na za kasi zilizobaki zimejaa. Safari ya saa mbili na dakika kidogo, ambayo ingetufikisha mchana, ikawa ya treni ya kawaida, kwa tiketi nilizonunua mwenyewe.

Narudi stesheni, maana naona mtasoma haraka na kupita. Binti yangu ana miaka minne. Alikuwa amevua viatu, amelala. Dereva wenu alifungua mlango wa upande wake, akaviokota vile viatu sakafuni, akaviweka juu ya begi kule nje, kisha akasimama ananisubiri nimtoe mtoto. Nilimtoa na soksi. Mama yangu mzazi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akakalia begi. Nikapiga ile namba yenu ya dharura “ya saa 24”. Iliita mpaka ikakata. Nilipopiga tena akapokea afisa wenu, akaniambia: “Dada, hilo ni suala la wakala wa huko, tuandikie barua pepe kesho.” Dar es Salaam ilikuwa saa nne tu ya usiku! Gari likaondoka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye kofia yao ile nyeusi ya pembe nne, ambaye hakuwa na risiti yetu wala senti yetu. Alitutafutia teksi, akawapa watoto mkate wa mji ule, wa duara, mzito, umegongwa muhuri katikati. Mgeni kabisa.

Mwongoza watalii wa kesho yake naye hakutokea. Registan, ule uwanja wa kale wenye madrasa, tulizunguka wenyewe, mwanangu ananiuliza wale wanyama wa juu ya lango la madrasa ya Sher-Dor ni simba au chui, sina jibu. Mama yangu alikuja hasa kwa ajili ya ziara kwenye makaburi ya kale ya Shah-i-Zinda, panaposemwa amezikwa Qutham bin Abbas, mtoto wa ami yake Mtume (S.A.W.). Alipita kaburi hadi kaburi bila kujua lipi ni la nani. Hilo pia nililipia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba gharama za tiketi na teksi tu. Sasa nadai pia fedha zote za dereva na za mwongoza watalii. Na kwa vile afisa wenu aliniita dada huku akinikatia simu, nadai nusu ya bei ya kifurushi kizima, pamoja na barua ya kumwomba radhi mama yangu, yenye saini yako wewe, si ya karani.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nusu itakuwa bei yote, na jalada litakwenda Tume ya Ushindani pamoja na picha ya viatu vile juu ya begi, ambayo nilipiga.

Wenu katika kudai haki,
Mteja wenu wa zamani.

Nakala: Wakili wangu (ameshaisoma).