Kaka, nakuomba ile madabodi (bodi kuu ya kompyuta)

Kaka vipi, mzima huko Moro? Sisi huku Dar tupo, mama anakusalimia sana, joto la Februari we unalijua. Najua nimekaa kimya tangu tulipotoka msibani, nisamehe, tutaongea vizuri, leo nina shida.

Ile kompyuta tuliyoiunga pale sebuleni kwenu imegoma kuwaka. Jumapili ilikuwa inatoa faili la mwisho la video ya sendofu ya dada yake Bonge, feni zikaanza kulia kama mashine ya kusaga, kucheki joto la prosesa nakuta nyuzi 97, sijafanya kitu ikazima. Nikaiacha dakika kumi nikawasha, ikazima tena, mara ya tatu nikang'ang'ania maana video ilibaki robo tu, hapo ndo ikafa na kuna kaharufu ka kuungua. Sasa hivi ukibonyeza, feni inashtuka, inazunguka kidogo, inasimama. Basi.

Nimefungua, ile hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) yenye miguu minne ya plastiki, mguu mmoja umechomoka, upande mmoja haugusi prosesa kabisa, na ile pesti ya kupitisha joto katikati yao imekauka kama chokaa. Iliniuma sana kaka. Nimesafisha kwa spiriti, ramu nimezifuta meno kwa kifutio nikajaribu moja moja, ile betri ndogo ya bodi, CR2032, nimetoa nikarudisha, wapi! Pawa saplai peke yake, ukigusisha waya wa kijani na mweusi, inazunguka vizuri, ingawa hiyo haimaanishi inabeba mzigo.

Ila sikia hii. Nikichomoa ile plagi ya pini 4 inayopeleka volti 12 upande wa prosesa, feni zote zinazunguka bila kusimama, nikiirudisha tu inashtuka inakufa, yaani pawa saplai inaona shoti inajikata. Nikatoa prosesa kabisa nikapima na mita pale kwenye tundu la plagi, karibu omu sifuri! Prosesa haipo na shoti bado ipo, kwa hiyo shoti ipo kwenye bodi yenyewe, nahisi ni zile mosfeti (swichi ndogo za umeme) pale pembeni ya soketi. Fundi wa hapa mtaani kasema prosesa imeungua ninunue mashine nyingine, na hajapima chochote, nimekataa.

Kinachoninyima usingizi ni hiki, mosfeti ikipiga shoti zile volti 12 zinaweza kupita mpaka kwenye prosesa, na yenyewe inataka kama volti 1 tu. Siwezi kujua kama imepona mpaka niiweke kwenye bodi nzima, ndo maana nakuomba ile madabodi yako ya H61, soketi ya prosesa ni hiyohiyo 1155. Kuweka prosesa ya mtu kwenye hii yangu ndo sithubutu, isije ikaiua.

Faili zipo salama, hadidiski nimeichomeka kwenye laptopu ya shemeji yako nikaona kila kitu, ila hiyo laptopu kutoa video ya saa mbili haiwezi. Na bibi yao Bonge anarudi Songea Jumapili, wanataka aondoke na video mkononi, bibi mwenyewe alilia sana siku ile, sitaki aondoke mikono mitupu.

Sasa niambie, ile bodi bado unayo au ulimpa mdogo wako? Ulishasasisha BIOS yake (ile programu ya kuiwashia bodi)? Maana H61 za mwanzo zisiposasishwa haziitambui prosesa yangu ya i5-3470, tutadhani prosesa imekufa kumbe nzima. Ukiikosa, yule mzee wa spea pale stendi bado anauza bodi za kupima kwanza? Unaweza kuiwahisha basi la asubuhi, nikaipokee Mbezi, nauli ya mzigo nitume leo? Iweke kwenye ule mfuko wake wa kijivu wa kuzuia umeme tuli kaka, usiifunge na nailoni. Na mgongo wa mama mkubwa unaendeleaje?