Ndege ya majini hairuki usiku: malalamiko kwa kampuni iliyotupangia safari ya Maldivi

14 Agosti 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA DOLA 820 KUTOKANA NA USAFIRI MLIOTUPANGIA KUTOKA UWANJA WA NDEGE WA VELANA HADI HOTELI YA KISIWANI, KATIKA KUNDI LA VISIWA LA ATOLI YA BAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza niliituma kwa barua pepe tarehe 28 Julai, na mkanijibu kwa mistari minne kwamba kilichotupata, yaani kukosa ndege ya kwenda kisiwani na kulala njiani, kilitokana na "mazingira yaliyo nje ya uwezo wa kampuni". Nimeyasoma majibu hayo mara nyingi nikitafuta ni mazingira gani hayo. Siku ile haikunyesha mvua. Hakukuwa na dhoruba, ndege yetu kubwa haikuchelewa hata dakika kumi, na hakuna aliyegoma. Kilichotokea ni kwamba jua lilizama. Malé, mji mkuu unaohudumiwa na uwanja wa Velana, iko karibu kabisa na ikweta, na jua huzama pale kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, likisogea dakika chache tu mbele au nyuma. Siwezi kukubali kwamba kampuni inayouza safari za huko ilishtukizwa na magharibi.

Naomba nieleze tangu mwanzo, maana naona aliyejibu barua yangu hakufungua jalada letu.

Mwezi Mei nililipia siku saba kwa watu watatu: mimi, mume wangu, na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua. Kwenye fomu yenu, mahali palipoandikwa "muda wa kutua", nilijaza hivi: "saa 10:40 jioni". Niliambatanisha pia tiketi ya shirika la ndege inayoonyesha 16:40. Mtu yeyote anayezungumza Kiswahili anajua kwamba saa kumi na dakika arobaini jioni na 16:40 ni kitu kimoja. Aliyeingiza taarifa zetu kwenye mfumo wenu aliliacha neno "jioni" na kuandika 10:40. Mfumo, ambao hausomi Kiswahili, ukaelewa asubuhi. Ukatukatia ndege ya majini, ile inayoruka na kutua juu ya maji, ya saa sita na robo mchana, yaani zaidi ya saa nne kabla hatujatua nchini humo.

Huo ndio mzizi wa jambo lote. Kosa la kunakili linaweza kumpata yeyote, na kama lingeishia hapo nisingeandika barua ndefu. Lakini lilikuwa na nafasi tatu za kugunduliwa kabla hatujapanda ndege, na zote zilipita mikononi mwenu.

Ya kwanza ni vocha yenyewe. Iliandika "Kutua Malé: 10:40. Kuondoka kwa ndege ya majini: 12:15." Aliyeiandaa alikuwa na tiketi yetu pembeni.

Ya pili ni swali langu la tarehe 3 Juni. Niliwauliza kwa maandishi, na nakala nimeiambatanisha, kama kuna njia nyingine ya kufika hotelini mbali na ndege ya majini, kwa sababu ya magoti ya mama. Mfanyakazi wenu alijibu: "Ndege ya majini ndiyo njia pekee kwa kisiwa hiki." Si kweli, Ndugu Meneja. Hoteli yenyewe inatoa njia mbili. Ya pili ni ndege ya kawaida ya ndani kutoka Velana hadi Dharavandhoo, uwanja ulio ndani ya Atoli ya Baa, safari isiyofika nusu saa, kisha boti ya kasi ya robo saa hadi gati la hoteli. Ndege hiyo inatua kwenye lami, haihitaji maji wala mwanga wa mchana kama ile nyingine. Nauli yake pia ni ndogo: kwa mujibu wa hoteli ilikuwa dola 380 kwa mtu kwenda na kurudi pamoja na boti, wakati nyinyi mlitutoza dola 540. Kwa watu watatu tofauti ni dola 480. Sitaki kuamini kwamba jibu la "njia pekee" lilitokana na tofauti hiyo, lakini mkiwa na maelezo mengine nitayapokea.

Ya tatu ni ule ujumbe wa uthibitisho mnaoutuma siku moja kabla ya safari. Ratiba za ndege za majini hupangwa jioni ya kuamkia siku ya safari, baada ya kujulikana idadi ya abiria na visiwa wanavyokwenda, kwa hiyo ni siku ambayo mtu wenu lazima aangalie upya muda wa kutua kwa kila mgeni. Mlitutumia ujumbe wa "Safari njema", wenye picha ya mnazi.

Sasa fikirieni tulivyofika. Tulitua kwa wakati, tukapita uhamiaji haraka kwa sababu fomu ya serikali ya kwenye intaneti, ile inayojazwa ndani ya saa 96 kabla ya kufika, nilikuwa nimeijaza mwenyewe (hilo nalo mlisahau kulitaja, lakini tuliache). Saa kumi na moja na robo tulikuwa mbele ya kaunta. Dada wa pale, mpole sana, alitazama karatasi yake, akatutazama sisi, akasema walitusubiri tangu mchana. Ndege ya mwisho ya kwenda upande wa Baa ilikuwa imeshaondoka. Akatuonyesha dirisha: nje kulikuwa bado kweupe, na mama akauliza kwa nini basi isiruke nyingine. Yule dada akaeleza jambo ambalo nyinyi ndio mlipaswa kutueleza mwezi Mei. Ndege za majini za Maldivi huruka mchana tu. Rubani hutua kwa macho yake, juu ya maji yasiyo na taa wala njia iliyochorwa; lazima aone mawimbi, aone matumbawe, aone boti zinazopita. Na lazima awe ameshatua kabla giza halijaingia, siyo awe ameondoka tu. Kwa hiyo mgeni anayetua Velana baada ya saa tisa na nusu alasiri asiitegemee kabisa ndege ya majini kwa siku hiyo. Kila anayefanya kazi kwenye kaunta zile analijua hilo. Wageni wengi wanaokuja mara ya pili wanalijua. Mimi sikulijua, ndiyo maana nilikwenda kwa wakala.

Dada huyo alipiga simu na kutuambia kulikuwa na viti vitatu kwenye ndege ya ndani ya kwenda Dharavandhoo usiku ule. Hoteli ilikuwa tayari kutuma boti. Kilichokosekana ni idhini yenu, kwa kuwa usafiri ulikuwa umelipiwa kwa jina la kampuni na hoteli isingeweza kuubadilisha bila nyinyi. Nilipiga namba yenu ya dharura, ile iliyochapishwa kwa wino mwekundu kwenye vocha, mara kumi na moja. Rekodi ya simu yangu ninayo. Mara ya kumi na mbili ilipokelewa na mashine iliyonieleza kwamba ofisi zimefungwa na nipige tena siku ya kazi. Namba ya dharura yenye saa za kazi! Viti vile vikachukuliwa na watu wengine, mbele ya macho yetu.

Tulilala Hulhumalé, kisiwa kilicho jirani na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ya wageni tuliyoitafuta wenyewe kwa simu huku mama amekaa juu ya sanduku. Vyumba viwili, dola 165. Usiku huohuo tulikuwa tumeshalipia vyumba vya hotelini kisiwani kwa dola 610, ambavyo vilibaki vitupu.

Asubuhi yake tulipanda ndege ya majini. Nitakuwa mkweli: ilikuwa safari nzuri. Ni zile Twin Otter zenye viti kama kumi na tano, rubani yuko peku, na chini unaona visiwa vimetawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Mama, aliyekuwa hajasema neno tangu usiku, alicheka kwa mara ya kwanza. Sina lalamiko lolote juu ya marubani wala wahudumu. Ilitua kwenye hoteli mbili nyingine kabla ya yetu, dakika 35 zilizotangazwa kwenye kijitabu chenu zikawa saa moja na dakika kumi. Hilo pia silidai. Ndivyo ndege hizo zinavyofanya kazi, kama daladala la angani, ila futeni basi maneno "moja kwa moja" kwenye tangazo lenu. Kilichomuumiza mama ni kushuka: ndege haikufunga kwenye gati bali kwenye jukwaa dogo linaloelea, likiyumba, na kutoka hapo unavuka kuingia kwenye boti. Vijana wawili walimbeba. Alifedheheka. Ndiyo hasa sababu niliuliza lile swali la tarehe 3 Juni.

Kwenye mizani napo tulikwama. Shirika lililotuleta linaruhusu kilo 23 kwa mtu, nasi tulikuwa tumezijaza zote. Ndege ya majini inaruhusu kilo 20 za mzigo na 5 za mkononi. Vocha yenu haikutaja kikomo chochote. Tulilipa dola 45 kwa kilo tisa zilizozidi, na ningezipunguza bila shida nyumbani kama ningeambiwa.

Kuna jambo la kurudi ambalo silidai fedha, ila naliandika kwa sababu linafanana mno na lile la kwanza. Hoteli yetu, kama nyingi za Maldivi, hutumia saa yake yenyewe, iliyo mbele ya Malé kwa saa moja, ili wageni wapate jua zaidi jioni. Vocha iliandika "kuchukuliwa saa 2:00 asubuhi" bila kusema saa ya nani. Simu zetu zilisoma saa ya Malé, vocha ilimaanisha saa ya kisiwani. Kama mume wangu asingeuliza mapokezi usiku uliotangulia, tungefika gatini ndege imeshaondoka. Mara mbili katika safari moja, kampuni yenu iliandika tarakimu za saa bila kujiuliza zinasomwaje.

Mwenzenu aliyenijibu alisema pia kwamba "mteja ndiye aliyechagua aina ya usafiri". Hapa ndipo nilipokasirika kweli. Kuchagua ni kuwekewa vitu viwili au vitatu mbele yako na kuambiwa kila kimoja kina nini. Kama mngenieleza kwamba hoteli zilizo karibu na Malé hufikiwa kwa boti ya kasi hata usiku, ningeweza kufikiria kisiwa cha karibu. Kama mngenieleza kwamba kwa Baa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Malé, boti wakati wa kusi si safari ya mtu mwenye magoti mabovu, ningeelewa na nisingeiuliza. Na kama mngenitajia Dharavandhoo, ningesema ndiyo hapohapo, hata kama bei ingekuwa ileile, kwa sababu ndege inayotua kwenye lami saa mbili usiku ndiyo iliyofaa watu wanaofika saa kumi na dakika arobaini jioni. Nililetewa kitu kimoja na kuambiwa hakuna kingine.

Madai yangu ni haya: dola 165 za malazi ya Hulhumalé, dola 610 za usiku tulioulipia bila kuutumia, na dola 45 za mizigo. Jumla ni dola 820. Sikuongeza simu, teksi, wala usumbufu, na ile tofauti ya nauli ya dola 480 nimeiacha kwa sababu ndege ya majini tulipanda kweli, kwenda na kurudi.

Msinipe vocha ya punguzo kwa safari ijayo, kama mwenzenu alivyodokeza. Nataka fedha zirudi kwenye akaunti ileile niliyolipia. Nataka pia jibu la maandishi kwa swali moja: tarehe 3 Juni, aliyeniandikia kwamba hakuna njia nyingine alikuwa hajui, au alikuwa anajua?

Nawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita bila malipo, nitawasilisha jalada hili kwa mamlaka inayosimamia mawakala wa safari na kwa benki yangu, ambako nililipa kwa kadi.

Nimeambatanisha fomu ya awali, tiketi yenye muda wa kutua, vocha, barua pepe ya tarehe 3 Juni na jibu lake, picha ya skrini ya simu zile kumi na mbili, risiti ya Hulhumalé, na risiti ya mizigo. Kwenye fomu nimeuzungushia wino neno "jioni", lisije likapotea tena.

Wenu mteja,

(saini)