Lami iachie barabara

Makorora, Tanga
Jumapili usiku, Oktoba

Hemedi ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Huku wazima wote. Mama yako nilimpitia Ijumaa baada ya swala, nikamkuta barazani anachagua mchele na kumsema Kidevu kama kawaida yake. Anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula mpaka shingo haionekani. Akasema muongo wewe. Basi salamu zimefika, tuje kwenye jambo.

Najua nimekaa kimya tangu Idi. Si kiburi. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja, nusu upepo nusu wewe, nimeusikiliza mara tatu, na kila nikibonyeza kukujibu najikuta nafoka mpaka mke wangu anachungulia dirishani kuona nagombana na nani. Nikaona bora niandike.

Umesema umenunua pikapu huko Detroit. Ford F-150, tena nyekundu. Hongera, Mungu akupe nayo kheri. Lakini halafu ukasema, kwa sauti ya mtu anayepita haraka penye mbwa, kwamba muuzaji anataka kuipaka chini yote ile dawa nyeusi inayokauka ikawa kama lami, mara moja tu, na kutu utaisahau maisha yako yote. Na bei uliyonitajia, kwa Handeni napata mbuzi wa harusi mbili. Ukasema umemjibu "tutaona". Hemedi, "tutaona" yako naijua tangu shule. Maana yake ni "ndiyo". Kama bado hujatia saini, weka barua hii chini, mpigie mtu huyo umwambie hapana, kisha urudi kusoma.

Umerudi? Haya.

Unaikumbuka pikapu yangu nyeupe? Miaka sita iliyopita niliipaka lami chini. Mwenyewe, kwa brashi, siku nzima mgongoni. Ikapendeza, nikawa nawaita watu wainame waangalie. Nikaendelea kubeba barafu na samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea kwenda Muheza na Korogwe, maji ya kreti yanachuruzika sakafuni usiku kucha, na mimi sina wasiwasi, si nina lami? Mwezi wa sita mwaka huu, alfajiri, sijafika Pongwe, nikasikia "ka!" kama nazi iliyoangukia bati. Gari likalala upande wa kushoto. Nikashuka na tochi, nikaingia chini. Lami iko vilevile, nyeusi, inang'aa. Nikashika bisibisi nikagusa chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, nyuma ya springi. Hemedi, bisibisi iliingia mpaka mpini, kama unachoma papai bivu. Nikabandua lami kwa kucha, ikaja na chuma chake, tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma iliyokauka. Na katikati mle mlikuwa na maji. Nililamba kidole. Chumvi.

Miaka sita ile chumvi ilikuwa imefungiwa ndani na mimi mwenyewe.

Hilo ndilo nataka uelewe, na nitalirudia mpaka unichoke. Lami ikishakauka haina kosa mpaka siku inapopasuka, na kupasuka lazima ipasuke, maana chuma kinatanuka na kusinyaa, mawe yanaipiga, gari linajinyonga kwenye makorongo. Ufa wenyewe kama unywele. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, jua haliyafikii wala upepo. Juu kunang'aa. Ungekuwa umeacha chuma wazi, walau ungeiona kutu ikiwa bado changa ukaikwangua.

Chande ndiye aliyeichomelea. Siku tatu, kiraka juu ya kiraka, sasa chesisi yangu ni kanzu ya maskini. Alipomaliza alifuta mikono, akaniangalia, akaniuliza, "Wewe kweli mtoto wa fundi wa majahazi?" Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Maana unamkumbuka marehemu baba pale Sahare. Kila mwaka chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, kinatiwa kalafati kuziba nyufa, chini kinapakwa deheni ya shahamu na chokaa, juu sifa. Unaikumbuka harufu ya sifa wewe, si ulitapika mbele ya watu tulipotumwa kubeba debe? Mafuta ya papa yaliyooza juani, hakuna aliyeyapenda. Lakini umewahi kumsikia mzee yule akimwambia mwenye chombo "nakupaka mara moja basi, sahau maisha"? Wangemtupa baharini. Kila mwaka ni kila mwaka. Chombo kinachopakwa kinadumu, kisichopakwa kinaliwa. Na mimi niliyekulia kwenye moshi wa deheni nikaenda kununua lami ya mara moja. Uvivu tu, hakuna jina jingine.

Sasa huko kwenu nasikia watu wenye akili wanafanya yaleyale ya baba. Wewe mwenyewe umeniambia jirani yako yule mzee anapuliza gari lake kila mwaka mafuta yanayonuka kondoo. Huyo ndiye wa kumfuata. Hayo ni mafuta ya sufu, lanolini, Fluid Film ni mojawapo. Hayakauki. Yanabaki laini, yanatambaa yenyewe mpaka kwenye maungio ambako mkono haufiki, na jiwe likiyakwangua yanajirudi kidogokidogo. Kasoro yake ni kwamba yanaoshwa na maji ya njiani, kwa hiyo kila mwaka urudie, na yanachafua nguo, na karakana itanuka zizi. Sawa tu. Ni sifa ya kondoo badala ya sifa ya papa.

Fanya sasa, kabla baridi halijashika, gari likiwa limeoshwa chini na limekauka kweli. Ukipaka juu ya tope au chumvi umefunga mwizi ndani, umefanya lami nyingine. Na usiishie kupuliza nje ya chesisi. Ile ni sanduku, ina matundu, na kutu inaanzia ndani, kwa hiyo ingiza mpira mrefu ule wenye kichwa kinachopuliza pande zote. Ndani ya milango, chini ya vizingiti, nyuma ya madigadi ambako tope linakaa. Diski za breki usiziguse, wala ekzosi, wala mikanda ya injini. Na vile vitundu vidogo chini ya milango vya kutolea maji, vizibue kwa waya, usivizibe kwa mafuta mazito. Kitundu kimoja kikiziba, mlango unakuwa ndoo.

Umeniambia pia, kwa kujigamba, kwamba bodi ya gari lako ni ya alumini, haishiki kutu. Kweli, tangu modeli ya 2015 bodi ya F-150 ni alumini. Lakini chesisi ni chuma, Hemedi. Springi ni chuma. Bomba za breki, angalia za kwako ni za nini, maana bomba likiliwa ukajua siku ya kukanyaga, hiyo si kutu tena, hiyo ni habari ya msiba. Na penye alumini na chuma vimegusana, maji ya chumvi yakiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Utaona rangi inavimba malengelenge, ukitoboa unga mweupe. Ni kama zile zinki wanazofunga kwenye meli pale bandarini, zinaliwa zenyewe ili meli isiliwe. Tofauti ni kwamba zinki inanunuliwa iliwe, mlango wa gari lako haukununuliwa hivyo.

Na kama muuzaji huyohuyo atakuletea kisanduku cha umeme cha kufukuza kutu, mcheke. Mambo ya zinki na umeme yanafanya kazi kwa kuwa meli imezama majini muda wote. Gari liko hewani.

Halafu hili la Detroit lilinichekesha na kunitisha. Eti chini ya mji wenu, zaidi ya mita 300 kwenda chini, kuna mgodi wa chumvi, na chumvi ile ndiyo inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji na barafu. Yaani mji umekaa juu unaunda magari, na chini ya miguu yake unachimba kitu cha kuyala! Sisi huku walau chumvi inatujia na upepo wa bahari, hatuifuati shimoni. Nilidhani mimi wa pwani ndiye mwenye shida, kumbe maji ya bahari ni gramu 35 tu za chumvi kwa lita, na yale ya barabarani kwenu yanaweza kuwa makali mara kadhaa.

Kijana wangu wa VETA, chuo cha ufundi, amenieleza kwamba chumvi ya kawaida ikizidi baridi inachoka, barabarani inapungua nguvu kabla hata ya nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo wanachanganya na kloridi ya kalsiamu au ya magnesi. Hizo hazikauki. Zinavuta maji hewani. Unalijua kopo la chumvi ya mawe la mama yako, wakati wa masika linavyojitolea maji lenyewe bila mtu kulitia? Ndiyo hiyo iliyoshikamana chini ya gari lako, haingoji mvua.

Kwa hiyo katikati ya baridi, siku ikipata joto kidogo maji yasigande, peleka gari likaoshwe chini. Chini, si juu. Juu ni kwa ajili ya wanawake na majirani. Na usinione mjinga nikikwambia usililaze kwenye gereji yenye joto na theluji yake. Kutu kwenye baridi kali inasinzia. Ukiingiza gari ndani, theluji inayeyuka pamoja na chumvi, chuma kinapata moto na maji kwa pamoja, umeiamsha na chai umeipa. Nje kwenye baridi, gari linateseka kidogo, wewe ndiye utakayeteseka asubuhi.

Nimesema mengi. Karatasi ya tatu hii, taa imezimika mara mbili, na mbu wa Makorora wananijua kwa jina. Zuhura anasema nimeanza kuandika kama... basi tuache. Habari ya shamba la Mkinga tutaongea siku nyingine, Mzee Rashidi bado hajajibu, unavyomjua.

Narudi palepale. Kama ulishalipa, usije ukanificha. Kipo cha kufanya: mpe jirani yako bisibisi na nyundo ndogo, mlale chini mgongeni chesisi yote kila mwaka. Palipo pazima panalia "ti, ti". Palipooza pananyamaza, "pu". Masikio yako mazuri, ulipiga dufu miaka mingapi.

Na nina ombi moja. Zuhura mdogo akija Desemba, mpe ule mpira mrefu wenye kichwa cha kupuliza, kompresa ninayo. Makopo ya kupuliza usimpe, kwenye ndege hawayataki. Mafuta nitatafuta mwenyewe huku. Nimeshaongea na watu wa Deep Sea, nasikia kuna mzee mmoja bado anapika sifa. Chande anasema nikipuliza sifa ya papa kwenye gari hatalipokea tena gereji kwake. Nimemwambia gari la samaki linuke nini, marashi?

Sasa nijibu, tena nijibu kwa mpangilio, si kwa kupita haraka penye mbwa. Umetia saini au hujatia? Gari ni jipya kabisa au limeshaona baridi la mtu mwingine? Kama limetumika, aliyekuuzia alikuonyesha chini, au mlizunguka mkatazama viti na redio? Tayari lina kitu cheusi huko chini ambacho hukukiuliza? Jirani yako anatumia madebe mangapi kwa gari moja? Huo mgodi mtu anaweza kuingia akaangalia? Na kweli unakula? Mama yako atauliza tena Ijumaa. Nipigie picha, lakini nakuomba, picha ya chini ya gari. Uso wako ninao.

Wako,
Bakari