Kakangu, kile kinyoya kilikuwa upande wangu

Kakangu,

Ujumbe wangu wa WhatsApp una tiki moja tangu Krismasi. Wifi alinidokezea, bila kukusudia, kwamba blogu hii unaisoma usiku ukidhani amelala. Basi nakuandikia hapa. Wasomaji wengine mtatuwia radhi, au mpite tu.

Nianze na habari njema. Ile raketi yangu ya badminton, ya soko la Kibuye kule Kisumu, bado ninayo hapa Nakuru. Kitambaa cha mpini nimekibadilisha mara nne, ila ule uzi wa kuvulia samaki uliouomba kwa wavuvi wa Dunga ukaupitisha katikati haujakatika. Nyuzi za dukani zilizokuwa kando yake zimekatika zote. Sifa hiyo ni yako, chukua.

Juzi nilikuwa nafundisha arudhi, zile kanuni za kutunga mashairi, kidato cha tatu. Nimeandika ubeti wa tarbia ubaoni, mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, ukwapi, ile nusu ya kwanza, 8 na utao, nusu ya pili, 8. Msichana mmoja wa nyuma, yule anayechora dawati, akauliza: "Mwalimu, hawa wa mashairi huru ndio wale walioshindwa na vina?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakuona wewe mlangoni umekunja mikono, unatoa lile neno lako, kwamba shairi lisilo na vina ni badminton isiyo na wavu.

Neno hilo ulilisema kwenye harusi yangu. Ulimwambia mume wangu siku ya kwanza kukutana naye, chai haijamiminwa. Miaka yote hiyo nilidhani umelitunga mwenyewe, na nilikuheshimu kwalo hata liliponichoma. Kumbe ni la mshairi wa Marekani, Robert Frost, na yeye alisema tenisi. Nililigundua nikiwa kwenye matatu, tumepita Kericho tunateremka Ahero, nikacheka peke yangu hadi abiria wa kando akavuta mkoba wake. Mlinzi wa sheria kumbe ameiba msemo! Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekukata maksi.

Lakini kuna jambo ambalo wewe unalijua kumshinda Frost. Sisi tulicheza bila wavu, karibu mwaka mzima. Pale Manyatta nyuma ya nyumba, kati ya choo na ukuta wa jirani, kamba ya nguo ya mama juu yetu. Tulicheza asubuhi tu, kwa sababu mchana upepo wa ziwa ukianza, kinyoya cha kuchezea kilihamia kwa watu. Mistari hatukuwa nayo, pointi hatukuwa nazo. Sheria ilikuwa moja: kisianguke. Mama alikuwa akituhesabia huku anakamua nguo, na tulipovuka 100 sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya kanisani. Siku tuliyofika 212 uliruka juu ya karai kukiokoa, goti likapasuka, na hukulia kwa sababu kinyoya kilikuwa bado hewani.

Sijawahi kucheza mchezo mgumu kuliko ule. Kila pigo lilibidi limfikirie wa ng'ambo: amesimama wapi, jua liko upande gani, mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Ukikosea, hakuna mstari wa kusingizia. Mimi naandika hivyo. Hicho ndicho ningekujibu kwenye harusi yangu kama mdomo usingekuwa na keki.

Wavu ulipokuja, nawe ukawa serikali. Wavu wenyewe ulikuwa kipande cha nyavu kuukuu za samaki, matundu mapana, kinyoya kinapita katikati kama mwizi. Kimepita juu au kimepita ndani? Tulibishana hadi ukafungua ukurasa wa mwisho wa daftari langu la hesabu (langu, si lako) ukaandika kanuni. Ya kwanza: mkubwa ndiye anayeanza. Mama akaongeza yake bila kuandika: anayebishana akachote maji. Katika kanuni zote zile, ya mama peke yake ndiyo iliyowahi kutekelezwa.

Kulikuwa na ile ya kiuno pia. Anayeanzisha akipige kinyoya chini ya kiuno chake, ndivyo vitabu vilivyosema wakati huo, na kiuno chako kilikuwa kwenye kifua changu. Nililalamika, ukaniambia sheria ni sheria. Haya, mwaka 2018 wakubwa wa mchezo walianza kutumia kipimo kimoja kwa wote, mita 1.15 kutoka sakafuni, awe twiga awe sungura. Kumbe nilikuwa na haki, ila nilizaliwa mapema. Na mwaka 2006 walikuwa wameshaiacha ile hesabu ya 15, ambapo anayepata pointi ni yule aliyeanzisha tu, wakaenda 21, kila mpigano una pointi yake. Ulisema wameuharibu mchezo. Najua mpaka leo ukicheza na wanao unahesabu 15.

Ushairi nao hukuwahi kukubali kwamba sheria zake zimeandikwa na watu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, na ni kazi ninayoiheshimu, naifundishia. Lakini tenzi zilikuwa zimeimbwa pwani karne nyingi kabla yake. Mwaka 1974 Mtanzania Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, mashairi bila vina, na wazee wa arudhi wakawaka. Kezilahabi alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, kakangu. Ziwa letu hili hili.

Tena ngoja nikuambie kitu kinachonikera kila ninaposahihisha. Mwenye vina akikwama ana ruhusa. Akikata neno tunaita inkisari, akilirefusha tunaita mazida, akipindua maneno tunasema ameboronga sarufi, halafu mtihani unamuuliza mtahiniwa aeleze mshairi alivyoutumia uhuru wake. Uhuru! Mimi ninayeitwa huru nikikata neno pasipo sababu, nimekosea tu. Shairi la kumuaga mama lilinikesheza siku mbili kwa neno moja, "bado". Likikaa mwisho wa mshororo wa leso, linazama. Likianza mshororo wa "zimefungwa", linakuwa taarifa ya habari. Nikaliweka peke yake, msomaji avute pumzi kabla ya kufika kwenye fundo. Halafu nikakutumia, Jumatano usiku, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukishughulika na watu wa kuchapisha programu ya mazishi.

Ukurasa wa 6.

Hema limejaa, waliokosa viti wameegemea yale mawe makubwa ya nyuma, jenereta inanguruma upande wa jikoni. Emsii akasema tumsikilize kitinda mimba wa marehemu. Nikafungua. Picha ya mama na kilemba cha kijani. Jina langu kwa herufi nzito. Chini ya jina langu, beti tano ambazo sijawahi kuziona maishani.

Nikafunua ukurasa wa pili yake. Nikarudi. Nikafunua tena, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko alioukung'uta. Simu yangu alikuwa nayo binamu, anarekodi. Maikrofoni iko mdomoni, inavuma. Wewe ulikuwa safu ya mbele, kiti cha pili kutoka kwa mchungaji, unatazama viatu vyako. Kiatu cha kulia kilikuwa na tope jekundu kisiginoni. Nakikumbuka kile kiatu kuliko ninavyoukumbuka uso wa mama siku ile.

Nikasoma. Ulitaka nifanye nini mbele ya jeneza? Nikasoma hadi ubeti wa nne: "Hukukasirika hata, siku moja maishani."

Nimeuhesabu mshororo huo kwa vidole mara nyingi tangu siku hiyo. Mizani 8, kisha 8. Kina kinaishia -ni kama wenzake. Hauna dosari. Na mama alikasirika, kakangu! Alirusha kandambili kwa shabaha ambayo wewe na raketi hukuwahi kuifikia. Alimkasirikia mwenye nyumba, aliwakasirikia kanjo walipomwaga mitumba yake, alimkasirikia Mungu wiki nzima baba alipofariki, hata sala ya chakula akagoma. Hasira ile ndiyo iliyotulipia karo. Umeitoa ili upate kina.

Halafu kwaya ikadaka kibwagizo chako, "Pumzika ewe mama, tutaonana mbinguni," na hema zima likalia. Lilifanya kazi, siwezi kukunyima hilo. Nilipokaa, shangazi akanishika mikono yote miwili akasema, leo umetunga shairi kweli kweli, si yale yako ya kukatakata. Nikamwambia asante, shangazi. Asante ile hunirudia hadi leo nikiwa naosha vyombo.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba kinyoya hupigwa kikishavuka wavu kuja kwako. Raketi inaweza kufuatia pigo ikapita juu ya wavu, hakuna neno, lakini kukifuata kwa mwenzako kabla hakijavuka ni kosa, hata ukikipiga vizuri namna gani. Na pasipokuwa na refa, kila mmoja huamua mistari ya upande wake, na wa ng'ambo husema sawa hata roho ikimuuma. Mimi nilisema sawa mara ngapi? Kile kilichoangukia juu ya chokaa kabisa, vumbi jeupe likaruka, ukasema "nje kidogo", na kila mtu anajua kinachogusa mstari ni ndani. Nilisema sawa, nikaenda kuchota maji kwa kukunja uso tu.

Unakumbuka 2012, Olimpiki ya London, tuko kwa mama tunatazama habari? Jozi nne za wanawake, wawili wawili, mbili za Korea Kusini, moja ya China, moja ya Indonesia. Walikuwa wanapoteza makusudi ili wapangiwe mpinzani mwepesi mbele. Wanaanzisha, kinyoya kinaingia wavuni. Wanapiga nje. Kila kosa lilihesabiwa sawasawa, pointi ikaenda inakotakiwa kwenda, ungesema kitabu kimefuatwa. Wote 8 wakafukuzwa kwa kutocheza kwa bidii ya kushinda. Wewe ulianza kuwatetea, ukidai hakuna kifungu walichovunja. Mama, bila kuinua macho kwenye mboga, akasema: "Hao nao wakachote maji."

Mizani yako ya ukurasa wa 6 ilikuwa ya namna hiyo.

Ulimwambia wifi kwamba ulilibadilisha kwa sababu wazee wasingelielewa. Wazee waliomjua mama miaka sitini wasielewe fundo la leso? Tuseme ukweli, tuko wawili tu hapa. Ni ule mstari wa simu. "Simu uliiweka mezani, kioo juu, Jumapili hadi Jumapili." Ulijua ni Jumapili zipi, na alikuwa akingoja ya nani. Jina lako sikulitaja. Mtu yeyote angeweza kudhani ni mimi. Mimi nilikuwa napiga, labda si kila Jumapili, na muhula wa tatu ule wa usahihishaji nilipitisha kama mwezi hivi, lakini nilikuwa na sababu na mama alizijua, nilimweleza. Si sawa na lako. Na kama ningekuuliza kwanza kuhusu mstari ule, ungekataa. Ndiyo maana sikukuuliza.

Naona hapo jinsi inavyosomeka. Haya, labda ule mmoja ulikuwa umeangukia upande wako. Labda. Lakini si ungenipigia simu Alhamisi, ukasema nje, nami nikabisha, tukapelekana mtoni wote wawili na ndoo? Kulikuwa na siku mbili nzima. Badala yake ukaniandikia beti tano na kibwagizo, ukaweka jina langu juu.

Shangazi anataka nakala ya "lile shairi" aiweke kwenye fremu. Sijamjibu. Lililokuwa langu ni hili, nililiweka hadi leo:

Mama,
shilingi ulizofunga kwenye ncha ya leso
bado
zimefungwa.
Fundo ni lako. Hakuna mwenye meno ya kulifungua.
Kibuye wananiuliza bei,
nami najua ile ya mwisho tu,
uliyoitaja ukishakasirika.

Mstari wa simu haumo. Najua nimeshauandika hapo juu, basi, yamepita. Lakini usidhani nimeutoa kwa ajili yako. Nimelisoma kwa sauti jikoni leo asubuhi, mara tatu, na kila nilipofika pale niliona unaangukia nje kidogo.