Kwa binti yangu, kabla ya basi la Kasumbalesa

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu jana, nilipotaja lenzi kwa mara ya tatu, uliondoka mezani bukari yako ikiwa nusu. Sikutaka kukuudhi. Ninahofia tu kwamba utafika Lusaka na dola zako 700, utaonyeshwa kamera inayong'aa, na fedha zote zitaishia hapo.

Kazi yako ni sura za watu, mama, na kwa kazi hiyo kamera kuukuu yenye lenzi nzuri itakufaa kuliko kamera mpya yenye ile lenzi ya 18-55 inayouzwa nayo katika boksi moja, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga kwa kawaida halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya huo, nawe unajua umeme unavyokatika hapa Kamalondo jioni, wateja wakiwa wamekwisha kuvaa. Tena kwenye kamera ambayo sensa yake, kile kibati cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, milimita 50 hizo huona kama 75 au 80 za kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo utasimama mbali kidogo na mteja, na pua yake haitaonekana imevimba.

Kabla ya kulipa, mulika tochi upande mmoja wa lenzi uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu iliyoota ndani ya kioo. Irudishe, hata wakupunguzie bei.

Ile picha ya bibi yako mlangoni, shuka jeupe likimrudishia mwanga shavuni, mimi sikuwahi kupata mfano wake katika miaka yangu yote ya studio. Lakini unapenda mno vitu vya kuwaonyesha wenzako, na tabia hiyo umeirithi kwangu. Mashine ya kushonea ya mama yako haikuibwa. Mwaka ule nilinunua kamera, na fedha ya lenzi haikubaki.

Kwa hiyo anza na lenzi, kisha kamera itoshane na kitakachobaki.

Bati la jikoni linavuja, na fundi atakuja Jumamosi. Fedha yake nimeitenga, usiniachie yako. Makala yapo gunia zima. Mama yako anaomba umletee sindano za kushonea kwa mkono, kubwa na ndogo.

Baba yako