Je, alamu yako italia stima ikipotea?

Asubuhi moja sisi mafundi wa alamu tulipigiwa simu na mteja wetu wa Donholm, hapa Nairobi, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakusalimia. Alisema tu, "Njooni muone alamu yenu." Tulipofika tulikuta kufuli za shata zimekatwa, rafu za nyaya na rangi zimebaki tupu, na kisanduku cheupe tulichokifunga sisi wenyewe mwaka 2019 kiko palepale ukutani, hakijaguswa. Mtaa mzima ulikuwa umekosa stima tangu saa tatu usiku. Wezi waliingia yapata saa nane. King'ora hakikutoa hata mlio mmoja.

Nikafungua kisanduku. Betri ilikuwa imefura ubavuni, na kwenye kichwa kimoja palikuwa na unga mweupe kama chumvi. Nikaigusisha mita ikasoma volti sita na ushee. Betri kama hiyo, ya volti 12, ikiwa nzima na imejaa husoma karibu 12.8. Hii ilikuwa imekufa zamani, na hakuna aliyejua, kwa sababu stima ikiwepo taa ya kijani iliwaka kama kawaida, na kila jioni mzee alibonyeza namba zake nne, akasikia mlio wa kukubaliwa, akaenda nyumbani akijua duka lina mlinzi. Yeye hakutuita kwa zaidi ya miaka minne. Sisi nasi hatukumpigia hata siku moja kumuuliza. Kosa hilo tunalibeba, na ndilo lililobadilisha namna tunavyofanya kazi.

Kwa hiyo mteja anayeingia kwetu akiuliza kuhusu kamera, aplikesheni ya simu na vitu vinavyong'aa, tunamrudisha kwanza kwenye betri. Nyingi za alamu za nyaya zilizofungwa Nairobi hutumia betri ya madini ya risasi iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Paneli, yaani kile kisanduku cha ukutani, ikiwa na sensa tano au sita hula takriban moja ya tano ya ampea. Kwa hesabu ya karatasi betri mpya ingeibeba saa 35. Kwa kweli huwa pungufu, maana king'ora kikianza kulia peke yake chaweza kula ampea nzima, lakini usiku mmoja haupaswi kuishinda. Ile ya Donholm ilihitajiwa saa tano tu.

Betri hizi hutengenezwa zidumu miaka mitatu hadi mitano. Hapa kwetu usitegemee mitano. Kila stima inapopotea kwa muda mrefu betri hukamuliwa, na ikikamuliwa hadi mwisho mara kadhaa haijazi tena sawasawa. Joto nalo huiua mapema, na mafundi wengi hupenda kuficha paneli juu ya dari, chini ya mabati, mahali pabaya kuliko pote. Baada ya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa, simu zetu hazikupumzika: paneli zinalia "tii, tii" kila dakika na wenye nyumba hawajui kwa nini. Ni betri iliyokuwa ikiomba kubadilishwa. Bei yake haifiki kodi ya mwezi mmoja ya bedsita. Ukibadilisha, ile kuukuu usiitupe kwenye taka. Ndani yake mna risasi, na wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua madini hayo yanavyoumiza watoto. Irudishe kwa muuzaji.

Kuijaribu hakuhitaji fundi. Waarifu majirani na kampuni ya ulinzi inayokuja alamu ikilia, kisha zima swichi inayolisha alamu. Ngoja nusu saa. Iwashe alamu, fungua mlango, uache king'ora kilie dakika mbili hivi. Kikilia kwa nguvu mwanzo hadi mwisho, uko salama. Kikianza kwa kishindo kisha sauti ikalegea, au taa za paneli zikafifia, betri imekwisha. Ukimaliza usisahau kurudisha swichi. Tumewahi kuitwa kwa sababu hiyo peke yake.

Sasa kuchagua. Swali la kwanza liwe: ikilia saa nane usiku, nani atakuja? Mwizi hafukuzwi na kelele tu iwapo kila jirani ameizoea. Alamu ikipiga bure mara tano, ya sita watu hujifunika blanketi. Ukiishi kwenye koti za Buruburu, yaani vikundi vya nyumba vyenye geti moja na majirani wanaojuana, king'ora chenye nguvu nje na soja wa geti vyaweza kutosha. Godauni la Viwandani usiku halina jirani, huko unahitaji kampuni yenye gari la kuitikia. Kabla ya kutia sahihi, waombe wakuoneshe usajili wao chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, na uwaulize gari lao hulala wapi. Gari linalotoka Westlands kuja Embakasi litakukuta unahesabu hasara.

Swali la pili: mwizi wako atapitia wapi? Wengi hutaka sensa mlangoni tu. Wenye vibanda vya mjini, kuanzia River Road hadi Luthuli, hugawana kuta nyembamba, na mwizi huvunja ukuta kutoka kibanda cha jirani wala hagusi mlango wako. Godauni za mabati hutobolewa paa. Hapo sumaku ya mlangoni haisaidii kitu. Weka ndani jicho la mwendo, yaani sensa inayoona mtu akisogea, lielekee ukuta au paa lenyewe.

Na sumaku yenyewe ina hila zake. Ni vipande viwili: kimoja sumaku, kingine swichi ndogo ndani ya kioo inayojifunga sumaku ikiwa karibu. Milango mingi ya Nairobi ni ya chuma, na chuma hunyonya nguvu ya sumaku ndogo. Dai ile kubwa ya milango ya chuma, la sivyo itakupigia kelele kila upepo ukivuma. Milango ya mbao nayo huvimba mvua za Aprili, pengo likabadilika.

Jicho la mwendo huona joto linalosogea. Lifungwe mita mbili na kidogo juu ya sakafu, kwenye kona, ili mtu alipite kwa ubavu badala ya kulijia moja kwa moja. Lisielekezwe dirishani: jua la asubuhi likipasha pazia, jicho hudhani kuna mtu. Mjusi akitembea juu ya kioo chake huonekana mkubwa kama binadamu, na buibui akitanda utando humo hatakuacha ulale. Lifute kwa kitambaa kikavu kila mwezi, basi. Ukiwa na paka, tuambie mapema.

Wapangaji tunawashauri alamu isiyo na nyaya, kwa sababu ukihama unahama nayo. Angalia tu iwe inabadilisha ishara ya rimoti kila ikibonyezwa. Zile za bei ya chini kabisa hutuma ishara ileile daima, na anayeidaka ana ufunguo wako. Kama alamu hutuma ujumbe kupitia waifai, kumbuka ruta hufa stima ikipotea, na ujumbe hauendi popote. Iwe na laini ya simu ndani yake pia, na laini hiyo iwe na salio. Tumefungua paneli nyingi zenye laini iliyofungwa kwa kukosa kuongezewa hata shilingi hamsini.

Namba ya siri usiache ile ya kiwandani. Badilisha siku ileile mfanyakazi anapoondoka, hata kama mmeagana vizuri.

Siku hizi kila betri tunayofunga tunaiandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito, na sisi ndio tunaompigia mteja kila miezi sita, bila malipo, tukimwomba azime swichi tukiwa bado kwenye simu tusikie king'ora kwa masikio yetu. Wa kwanza kupigiwa alikuwa yule mzee wa Donholm. Tulimfungia betri mpya wiki ileile kwa gharama yetu. Sasa yeye hangojei simu yetu hata kidogo: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kufunga duka, huzima swichi mwenyewe na kufungua mlango. Mama muuza mboga wa kando huziba masikio, na mzee hutoka nje akampungia mkono kumwonyesha kuwa ni yeye.